Ua Lisilo na Wakili: Mimea Adimu, Sheria na Ardhi ya Thika na Ruiru



Niruhusuni nianze na ua ambalo nyinyi mliotoka zamu kwenye mashamba ya maua mnalijua vizuri kuliko mimi. Waridi linalokatwa alfajiri katika mabanda ya plastiki huku kwetu, likapangwa kwa urefu wa shina, likaingizwa kwenye chumba cha baridi na usiku likapakiwa ndege, ni ua lenye karatasi. Aina yake imesajiliwa. Aliyeizalisha, awe Mholanzi, Mjerumani au Mfaransa, ana haki inayotambuliwa na sheria ya Kenya, kwa kuwa mwaka 1999 nchi yetu ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Shamba linalopanda waridi hilo humlipa mrabaha. Ukichukua kipandikizi chake bila ruhusa, ukakipanda na kuanza kuuza, unaweza kufikishwa mahakamani. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, hulitazama kabla halijasafiri. Sisemi haya kwa kulalamika. Mzalishaji amefanya kazi ya miaka mingi na anastahili ujira wake.

Sasa tuvuke seng'enge ya shamba hilo, twende kwenye ardhi ambayo haijawahi kulimwa: upande wa Juja na Munyu, pale udongo mwekundu wa kahawa unapoisha na ule mweusi unaonata viatuni unapoanza. Mvua za Machi zikishanyesha kidogo, katikati ya nyasi fupi hutokea ua jeupe, pengine lenye wekundu wa mbali, pana kama kiganja cha mtoto, petali zake zimekunjamana kama karatasi iliyofinywa kisha ikanyooshwa. Wataalamu huliita Cycnium tubulosum. Lichume ulishike mkononi, na kabla hujafika barabarani pale ulipolibana pamegeuka peusi. Ling'oe uone mizizi yake, na utakuta jambo la ajabu zaidi: imejishikiza kwenye mizizi ya nyasi za jirani, inanyonya humo sehemu ya maji na chakula chake. Ua hili haliwezi kuishi bila mbuga iliyo chini yake. Ukilitia chungu, unakuwa umelitenga na kinachoshikilia uhai wake.

Cycnium si mmea adimu. Liko sehemu nyingi za Afrika, na nimelichagua kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kwenda kulitazama. Lakini swali ninalotaka tulikalie jioni hii laonekana wazi hapo. Ua hili ni la nani? Nani angesimama mahakamani kwa niaba yake, kama lingekuwa limebaki hapo peke yake duniani? Katika sheria ya kawaida tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba analopita. Mmea ulioota ardhini ni sehemu ya ardhi. Twiga akivuka shamba lako hubaki kuwa wa taifa zima. Ua lililoota humo humo limefungwa ndani ya hati miliki yako.

Ninachokuja kukisema ni hiki: Kenya imejifunza kulilinda ua dhidi ya mkono unaolichuma. Haijajifunza bado kulilinda dhidi ya kinachoiondoa ardhi chini yake. Na katika miji kama Thika na Ruiru, mimea adimu haimalizwi na mikono. Inamalizwa na matimbo, ploti na matingatinga, kwa kibali kilichopigwa mhuri.

Tuanze na mkono, maana hapo tumefanya kazi, na ni haki tuseme hivyo. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Mwaka 2007 zikatolewa kanuni maalumu za mishubiri chini ya sheria ya wanyamapori, ili anayetaka kuuza utomvu aupate kwa utaratibu na kwa leseni. Mwaka huo huo msandali ulipigwa marufuku kuvunwa, baada ya wafanyabiashara kuung'oa mpaka mizizi ndani ndani kwa sababu ya mafuta yake, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Okidi zote za dunia zimo katika orodha za mkataba huo. Okidi ya chui, Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, ambayo wachumaji huishusha pamoja na tawi lililoibeba, imewekwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, katika kundi la spishi zilizo katika hatari (Vulnerable). Kisheria haivuki mpaka bila kibali.

Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Wengi huidhani kuwa ni sheria ya ndovu na faru. Isomeni. Tafsiri yake ya viumbe vya porini inataja mnyama, mmea na hata vijiumbe visivyoonekana kwa macho, vyote kwa pamoja. Jedwali lake la Sita linaorodhesha spishi zilizo hatarini nchini, na msandali umo. Ilipopitishwa, adhabu ya kosa linalohusu spishi iliyo hatarini ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Bunge lilirekebisha vifungu hivyo baadaye, lakini uzito wake ulishaeleweka: kwa mara ya kwanza, sheria ya Kenya ilimweka anayeua mmea adimu kwenye mizani moja na anayeua mnyama adimu.

Hayo ni maendeleo makubwa, na waliyapigania watu. Ila angalieni yanafanya kazi wapi. Yanafanya kazi barabarani, kwenye lori lililokamatwa na magunia ya msandali, bandarini, uwanja wa ndege. Polisi anaona gunia. Hakimu anaona gunia. Tingatinga linapofukua mwamba mzima, hakuna gunia. Kuna mwekezaji mwenye leseni, kuna vijana wa kijijini waliopata kazi, na kuna malori ya mawe ya Ndarugo yanayokwenda kujenga nyumba zetu. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe hayo, na pengine hata ukumbi tuliokaa. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nawalaumu wachonga mawe. Nasema kwamba ua likifa hivyo, kwa kawaida hakuna anayejua kwamba kuna kilichokufa.

Na Ruiru? Sensa ya 2009 ilikuta mji wenye watu wasiofika 240,000. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000. Mji umekua zaidi ya mara dufu katika miaka kumi, na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa 2012 ilikuwa katikati ya miaka hiyo. Mradi wa Tatu City peke yake una ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu kosa moja la watetezi wa mazingira ni kulilia kila ekari kwa sauti ile ile. Shamba la kahawa lilishafyekwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Maua ya asili yaliyokuwa hapo yaliondoka zamani, na ghorofa ikisimama juu yake hailiondoi ua lolote. Hazina yetu iko kwenye vipande ambavyo mkulima mkubwa hakuvitaka: kingo za mito ya Ruiru, Ndarugu, Chania na Thika, miamba yenye udongo mwembamba kama unene wa mkono, mabwawa ya msimu, mbuga ya udongo mweusi, na mlima Ol Donyo Sabuk wenyewe, ulio mbuga ya taifa ya kilomita za mraba kama 20 tu. Vipande hivyo, ukiondoa mbuga hiyo ya taifa, ndivyo sasa vinavyoingia sokoni, kwa sababu vile vizuri vimekwisha.

Mtu ataniuliza, na ni swali la heshima: kwa nini nijali? Nina mkopo, nina karo, ploti yangu ni thumni ya ekari. Ua moja litanipa nini?

Wapo wanaojibu swali hili kwa kutaja dawa za saratani zilizopatikana nchi za mbali. Mimi nitajibu kwa kutaja Ruiru. Katika kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa Ruiru, wataalamu walihangaika miaka mingi na ugonjwa wa chulebuni, ule ambao wakulima wa Kiambu na Murang'a wanaujua kwa jina la CBD. Uliripotiwa mara ya kwanza ulimwenguni hapa Kenya, mwaka 1922. Buni changa hupata doa jeusi lililobonyea, ikaoza na kukauka ikiwa bado mtini, na mkulima hubaki kununua dawa ya kupuliza kila msimu mpaka faida yote iishie kwenye pampu. Mwaka 1985 kituo kikatoa Ruiru 11, kahawa fupi inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Jina la mji huu likaenda dunia nzima.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa kahawa iitwayo Rume Sudan, iliyochukuliwa miaka ya 1940 katika uwanda wa juu wa Boma, ambao leo uko Sudan Kusini. Ilikuwa mimea ya msituni. Haikuwa na mwenyewe, haikuwa na bei, na hakuna aliyekuwa akiitegemea kwa lolote nje ya msitu ule. Mtu alipita, akaiona, akabeba mbegu. Wataalamu waliporudi Boma mwaka 2012 kuitafuta kahawa ya porini walikuta msitu umeharibika vibaya. Fikirini kama uharibifu huo ungetangulia safari ya kwanza. Mkulima wa Gatundu hangejua alichokosa. Angeendelea kupuliza dawa tu.

Sidai kwamba kila ua la mwambani litatuletea Ruiru 11. Mengi hayataleta chochote cha kuuza, na bado naamini yana haki ya kuwepo. Ila sisi watu wa hapa, tuliokula matunda ya mmea wa msituni kwa miaka hii yote, hatuwezi kusema kwamba magugu ya porini hayatuhusu.

Sasa nataka tuondoke Thika kidogo, twende mahali pawili katika eneo letu la Afrika Mashariki ambapo swali la ua na ardhi limejibiwa, mahali pamoja vizuri na pengine kwa uchungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini. Likafika Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo vizazi vyake vinauzwa kwenye vyungu katika maduka ya Ulaya na Marekani, kwa mamilioni. Pengine ndilo ua la Afrika Mashariki linalokaa katika nyumba nyingi zaidi duniani. Ndugu zake wa porini wamebaki kwenye vipande vichache vya misitu ya Tanzania na Kenya. Hapa Kenya, aina moja iko kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, kama pale Cha Simba karibu na Kaloleni. Nyingine, iliyopewa jina la teitensis mwaka 1958, iko Mbololo katika Milima ya Taita, kwenye msitu wa kama hekta 200.

Mmea huu hauhitaji mtu auchume ndipo ufe. Unaishi kwenye uso wa mwamba, katika kivuli na unyevu. Kata miti iliyo juu ya mwamba, usiuguse ua lenyewe hata kidogo, na jua litamaliza kazi. Yaani mtu anaweza kuiteketeza spishi nzima bila kuvunja kifungu chochote kinachokataza kuichuma. Kinachoiokoa Mbololo ni kwamba msitu umelindwa wote, mti kwa mwamba. Na huko pwani, kabla ya Gazeti Rasmi la Serikali kuwapo, wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, walikuwa wameshaijua kanuni hiyo: usikate mti, usichunge, usiingie na panga. Hawakuorodhesha spishi. Walilinda mahali. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia. Misitu hiyo leo imejaa mimea adimu, kwa sababu mila ilianzia kwenye ardhi.

Hata hapa mnakumbuka mugumo wa Thika. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri kuwa utawala wa mkoloni ungeisha siku mugumo ule utakapoanguka, na mkoloni akauzungushia chuma ili usimame. Watu wa sehemu hii wana desturi ya kuupa mti mmoja na kiwanja chake heshima isiyonunulika. Hilo si jambo geni la kuletwa na wafadhili.

Mahali pa pili ni Kihansi, kusini mwa Tanzania. Maporomoko ya mto huo yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku kwenye bonde jembamba, na manyunyu hayo yakawa yamelea mbuga ndogo yenye unyevu isiyo na mfano. Bwawa la umeme wa megawati 180 likajengwa juu yake. Mwaka 1996, kazi ikiwa imeshaanza, ndipo wataalamu walipomkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana kwingine duniani. Tathmini ya mazingira ya mwanzo haikumwona. Maji yakageuzwa, manyunyu yakakatika, ikabidi wafunge mabomba ya kunyunyizia bonde kwa gharama kubwa. Kisha ugonjwa wa kuvu ukawaangukia vyura hao. Mwaka 2009 IUCN ikamtangaza chura huyo kuwa ametoweka porini, akiwa amebaki katika bustani za wanyama za Marekani. Kuanzia 2012 wameanza kurudishwa. Na katika korongo lilelile, mwaka 2004, wataalamu walitangaza kahawa ya porini ambayo haikuwa na jina kabla, Coffea kihansiensis. Nawaomba watu wa Ruiru waitafakari habari hiyo: kahawa mpya kwa sayansi, katika bonde lililokaguliwa ujenzi ulipokwisha kuanza.

Linganisheni na jimbo la Maine, Marekani. Huko lilikuwapo ua la manjano lililoitwa kwa jina la Kate Furbish, mwanamke aliyeligundua mwaka 1880, na ambalo ilidhaniwa limekwisha. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilipopanga bwawa kwenye Mto Saint John, kilimwajiri mtaalamu wa mimea, Charles Richards, apite kingo za mto kabla ya ujenzi. Mwaka 1976 akalikuta. Mwaka 1978 likawa miongoni mwa mimea ya kwanza kuingizwa katika orodha ya spishi zilizo hatarini chini ya sheria yao ya mwaka 1973. Bwawa lilikuwa na wapinzani wengi na sababu nyingi, na halikujengwa. Ua lile, kwa bahati, ni la ukoo mmoja na Cycnium letu la Juja, na lina desturi ileile ya kujishikiza kwenye mizizi ya jirani.

Lakini msiisifu mno sheria ile ya Marekani. Ina ufa uleule tulio nao sisi. Kwa mnyama, inamfunga mikono hata mwenye ardhi binafsi. Kwa mmea, katazo lake liko hasa kwenye ardhi ya serikali kuu. Kwenye shamba la mtu binafsi, ua adimu linategemea sheria ya jimbo, ikiwa ipo. Nchi tajiri kiasi kile iliogopa hati miliki. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ya tatizo letu ni kunakili ya wenzetu.

Dawa tunayo nyumbani, katika vifungu ambavyo havisomwi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mtu au kikundi kuiomba mahakama iifunge ardhi fulani kwa masharti ya kuhifadhi mazingira. Hati inabaki kwa mwenyewe. Ardhi inabaki yake, anaweza kuiuza au kuirithisha, ila mwamba ule au ukingo ule hauguswi, na sharti linafuata ardhi kwa kila mmiliki anayekuja. Na sheria hiyohiyo inatambua kwamba mwenye ardhi iliyofungwa anastahili fidia. Hapo ndipo ninaposhangaa kwamba hatujafika. Badala ya kugombana na mwenye ploti kwa miaka kumi, mlipeni thamani ya robo ekari yenye mwamba, mwacheni ajenge kwenye iliyobaki.

Katiba yetu, kifungu cha 70, inampa kila mtu nafasi ya kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo hapa Thika. Si lazima uwe profesa, si lazima uwe jirani. Kanuni za maji zinalinda ukingo wa mto kuanzia mita 6 hadi 30, na kama zingefuatwa kando ya Ruiru na Ndarugu, nusu ya hoja yangu ya jioni hii ingekuwa haina kazi. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazipa kaunti uwezo wa kutangaza eneo la mpango maalumu. Kaunti ya Kiambu inaweza kuichukua miamba iliyobaki kati ya Juja na Munyu, ikaipima, ikaichora kwenye ramani kabla haijagawanywa. Ramani ikishachorwa bila mwamba huo, kuurudisha ni vita.

Nakuja kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ni jambo la kalenda. Mimea mingi ya ardhi kavu na miamba huishi chini ya udongo kwa miezi mingi, ikiwa tunguu au kiazi, bila hata jani moja juu. Mvua zikija, inachanua kwa siku chache, inatoa mbegu, inazama tena. Mtaalamu akipita Februari, au Agosti, ataandika kwa ukweli wake wote kwamba hakuona kitu. Ripoti itasema eneo lina nyasi na vichaka vya kawaida. Kibali kitatoka. Hakuna aliyesema uongo, na spishi imekwisha. Nimesoma ripoti za namna hiyo, na kinachonitia uchungu ni jinsi zilivyo nadhifu: sura ya mimea ina majina ya miti mikubwa, picha mbili, na tarehe ya ukaguzi iliyo katikati ya kiangazi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa vibali hivyo, ni dogo sana, halihitaji Bunge. Kwa ardhi ambayo haijawahi kulimwa, ukaguzi wa mimea ufanywe ndani ya mvua za masika au za vuli, na tarehe iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Mwekezaji atachelewa miezi michache. Anachelewa zaidi ya hapo akingoja umeme.

La pili ni kwa wale wanaosema, basi tutaihamisha mimea hiyo, tutaipeleka bustanini. Bustani zinahitajika, na hifadhi za mbegu zinahitajika, nami naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini okidi humea kwa msaada wa kuvu walio kwenye udongo wake au gome lake, na tumeona jinsi mmea kama Cycnium ulivyoshikana na nyasi zake. Bustani ni bima ya siku mbaya. Anayeitumia kama kibali cha kufukua mwamba anatudanganya, hata kama nia yake ni njema.

La tatu ni kwenu wanafunzi. Orodha ya Jedwali la Sita si msahafu. Waziri anaweza kuongeza spishi kwa tangazo katika Gazeti Rasmi, akishauriwa na wataalamu. Ila hakuna spishi inayoorodheshwa bila ushahidi, na ushahidi wa mmea ni mmea wenyewe: uliokaushwa, ukabanwa kwenye karatasi, ukaandikwa mahali, tarehe, udongo na aliyeuchukua. Herbari ya Afrika Mashariki, inayohifadhi vielelezo hivyo, ilianzia Amani katika Usambara mwaka 1902 na kuhamia Nairobi 1950, kwenye Makumbusho ya Taifa. Ukikuta ua usilolijua, usiling'oe. Piga picha ya ua, jani, shina na mahali liliposimama, andika tarehe, waulize wataalamu wa herbari kwanza kama kielelezo kinahitajika. Mmea wenye mashina matatu tu hauwezi kumudu mgeni anayechukua moja.

Na la mwisho ni kwa kila mtu. Mradi mkubwa unapoletwa kwa tathmini kamili, NEMA hutangaza magazetini na katika Gazeti Rasmi, na kuwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni kwa maandishi. Matangazo hayo yamejaa majina ya Ruiru, Juja na Thika. Mkiliona tangazo la ardhi mnayoifahamu, andikeni barua. Haihitaji wakili wala Kiingereza kizito. Tajeni namba ya ardhi kama ilivyo kwenye tangazo. Ulizeni mimea ilikaguliwa tarehe gani, na ni nani aliyeikagua. Kama mmewahi kuona kitu kikichanua hapo, semeni ni mwezi gani, upande gani wa mwamba, na ambatisheni picha. Pelekeni nakala moja kwa ofisi ya kaunti, mbaki na nyingine yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu mkifika mahakamani mhuri huo ndio wa kwanza kuulizwa.